Sarah wa nani? Natafuta ubini wa mama yake babu wa bibi

Mjukuu wa Baharia, Wete
Asalaam alaykum jamani. Babu yangu alikuwa mchochea makaa kwenye meli za Waingereza, akaoa huko huko South Shields. Bibi hakuwa mtu wa kutajwa, baba yake kuli wa bandarini. Sie tukimwita Bibi Mzungu, na Pemba hakuwahi kuikanyaga. Aliyeletwa ni baba, mtoto wa miaka saba.

Sasa nimestaafu, nawatafuta wazee wake kwa simu na bando. Shahada yake ya kuzaliwa ilinipa wazazi, zao zikanipa wengine, mpaka shahada zikakatika, maana serikali yao ilianza kuandikisha vizazi mwaka 1837. Sensa ya 1851 ndiyo iliyonitajia kijiji, huko Norfolk. Kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafutia nasaba, nikaona kitabu cha ubatizo cha kanisa la kijiji hicho, mwaka 1816: mtoto wa William, kibarua wa shamba, na Sarah.

Sarah wa nani? Nimesoma ukurasa mzima, mama wanane, hakuna hata mmoja mwenye ubini wa kwao! Kwetu mwanamke huingia kaburini na jina la baba yake.

Bi Mkunazini
Wa alaykum salaam kaka. Mie nimekulia kwaya ya kanisa la Kianglikana la Mkunazini, vitabu hivi nimevizoea. Padri usimlaumu. Tangu 1813 walipewa kitabu kilichopigwa chapa: jina la mtoto, wazazi, makaazi, kazi ya baba. Ubini wa mama haukuwekewa nafasi. Kabla ya hapo kila padri aliandika alivyotaka, na wengine walikuwa wakiutaja.

Wee nenda kitabu cha ndoa. Huko mwanamke anaandikwa kwa jina la kwao, kwa mara ya mwisho. Tafuta ubatizo wa mtoto wao wa kwanza, kisha rudi nyuma. Na usikwame kijiji kimoja, harusi nyingi zilifungwa parokia ya bibi harusi. Ndoa ikitangazwa Jumapili tatu, na kama wachumba ni wa parokia mbili, basi kote kuwili. Kitabu kikiwa kimeliwa na unyevu, ulizia nakala zilizokuwa zikipelekwa kwa askofu kila mwaka.

Jina la baba wa bibi harusi hulipati, hilo limeanza 1837. Kwa hiyo soma mashahidi! Sheria iliyoanza kazi 1754 ilitaka wawili, watie saini au alama.

Mchake
Na kama hayumo kabisa, huenda kwao hawakuwa watu wa kanisa hilo. Hapa Pemba tunawajua Marafiki, yaani Quaker, wale wa misheni ya 1897. Hawabatizi mtu. Uingereza walikuwa na vitabu vyao wenyewe, na miezi wanaiita kwa namba, wa kwanza, wa pili, kama sie tunavyosema mfungo mosi, mfungo pili. Ila tahadhari: kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi, basi mwezi wa kwanza wao wa zamani ndio Machi. Mie ulinipoteza wiki nzima.

Mjukuu wa Baharia, Wete
Jamani, nimempata! Parokia ya jirani, Oktoba 1811. Ubini wake sitauweka hapa, lakini anao. William kaandika jina kwa mkono unaotetemeka, Sarah katia msalaba tu. Shahidi mmoja ana ubini ule ule wa Sarah, naye kasaini vizuri, herufi zimelala kama za karani. Kaka yake? Baba yake? Usiku huu naanza na ubatizo wa kijiji hicho.

Jengine, Bi Mkunazini: nilifuata maneno yako, nikamtafuta kifungua mimba wao. Kabatizwa Januari 1812. Nimehesabu miezi, nikahesabu tena, nikazima simu. Shangazi yangu asiambiwe.

Bi Mkunazini
Hahaha! Mwambie kitabu kimeliwa na unyevu.