Mjadala: Kunenepa ni uroho wa mtu, au ni chakula tunachouziwa?

Naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Mwezi uliopita nilimsindikiza dada yangu kliniki ya presha. Alipopanda mizani ikasoma kilo 104. Muuguzi akaitamka kwa sauti hadi waliokaa kwenye benchi nje wakasikia, kisha akamwambia, "Mama, punguza mdomo." Dada akashuka, akavaa kandambili zake, na hakusema neno mpaka tunafika nyumbani. Huyu ni mtu anayeamka saa kumi usiku kila siku, analala wa mwisho, na kwa miaka minne amemuuguza mama mkwe wake ndani bila kumlalamikia yeyote. Mtu wa namna hiyo ukiniambia hana nidhamu, sikuelewi.

Msimamo wangu nauweka mapema: serikali ipandishe kodi ya soda na vinywaji vya sukari, na biashara ya vitu hivyo iondolewe kwenye malango ya shule. Najua wengi mtasema mtu mwenyewe ndiye anayejua anachoweka mdomoni. Hoja hiyo ndiyo nataka tuanze nayo, kwa sababu waliochunguza ulaji wa wanyama na watu wamekuta mambo tofauti.

Mwaka 1976, Anthony Sclafani na mwenzake huko Marekani waliwapa panya wa maabara vyakula vya kununua dukani: biskuti, chokoleti, siagi ya karanga, maziwa mazito ya sukari. Panya wale wakanenepa kupita kabisa wenzao waliobaki na chakula cha maabara. Uroho haukuwaingia ghafla, walibadilishiwa chakula.

Mtasema mtu si panya. Haya, tuje kwa watu. Mwaka 2019, Kevin Hall na wenzake wa NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, walitangaza matokeo ya watu wazima 20 waliokaa wiki nne ndani ya hospitali ya utafiti kule Bethesda. Wiki mbili walipewa vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, wiki mbili vyakula vya kupika ambavyo havijasindikwa sana. Kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi zilizoandaliwa mezani zilikuwa karibu sawa, na kila mtu aliruhusiwa kula kiasi anachotaka. Kwenye vyakula vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye vile vingine wakapungua karibu kilo hiyohiyo. Ni watu walewale! Sasa nidhamu yao ilikwenda wapi wiki zile mbili, na ilirudije walipobadilishiwa sahani?

Kuna jambo dogo ndani ya utafiti huo ambalo limenikaa kichwani: vile vya viwandani walivila haraka zaidi. Niliposoma hapo nikaliona lango la shule ya msingi ya mtaani kwetu. Asubuhi moja nilimwangalia mtoto, kama wa darasa la tatu hivi, mwenye mia tano mkononi. Upande mmoja mama anauza mihogo ya kuchemsha, upande wa pili kuna meza ya biskuti, krispi na vijuisi vya rangi. Akachukua biskuti na juisi. Hajafika hatua ishirini, vyote vimekwisha, na macho yamesharudi mezani. Muhogo ungemtafunisha mpaka kengele ilie. Shibe ina mwendo wake. Haifiki kichwani papo hapo.

Tena shibe si ya tumbo peke yake. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waligundua jeni ya homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari za akiba iliyopo. Homoni hiyo ikaitwa leptini. Miaka mitano baadaye, madaktari wa Uingereza walieleza habari za msichana wa miaka 9 aliyezaliwa bila leptini inayofanya kazi. Alikuwa na zaidi ya kilo 90, na njaa yake haikutulia. Walipomchoma leptini, hamu ya kula ikashuka, na ndani ya mwaka mmoja akapungua zaidi ya kilo 16. Watoto wa aina yake ni wachache mno duniani, na wanene wengi leptini wanayo tele, kwa hiyo sisemi sindano ile ingemfaa dada yangu. Lakini fikirini ni mara ngapi mtoto yule aliitwa mlafi kabla hajapimwa.

Kuhusu mazoezi nitasema kwa ufupi. Fanyeni, yanasaidia moyo na sukari. Ila mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu ambayo miili ya Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hutumia kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya, ingawa Wahadzabe hutembea kilomita nyingi kila siku kutafuta chakula. Kwa hiyo tusidhani kukimbia jioni kutaunguza kila tulichouziwa mchana.

Sasa hoja iliyonisumbua. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, ananiambia kodi itamuumiza maskini, maana mahali pengi soda inapatikana kirahisi kuliko maji salama. Hapo ana haki, na sitamzungusha. Mexico walianza kutoza peso moja kwa lita mwaka 2014, na mwaka huo manunuzi ya vinywaji hivyo yakapungua kwa takriban asilimia 6. Ni kidogo, lakini si bure. Mimi nasema fedha ya kodi iende moja kwa moja kwenye bomba la maji na uji wa shuleni. Ikiishia kwenye mfuko mkuu, nitaungana na mwalimu kuipinga.

Mlioko Afrika Kusini, ambako kodi kama hii ilianza Aprili 2018, tuambieni mlichokiona kwenye maduka ya mtaani. Na mnaopinga, nijibuni kuhusu yule mtoto wa getini: alichagua, au alichaguliwa na ile meza?