Walimu wa jiografia, nani kashafundisha topiki ya picha kwa kupiga picha kweli?

Ticha_Kata: Wakuu habari za jioni. Nafundisha kidato cha tatu shule ya kata huku Mwanza, darasa moja wako 70 na kitu. Tumefika kusoma picha na shida ni kwamba wanakariri tu, ukiuliza aina za picha wanakutajia zote, ukiwawekea picha yenyewe wanaangaliana. Na picha za kitabuni ni fotokopi ya fotokopi, mlima na ng'ombe hutofautishi. Nataka wapige wenyewe ila simu hawaruhusiwi, nina yangu moja na kile kishikwambi cha sensa. Naanzia wapi?

MzeeWaRamani: Mwalimu uko Mwanza halafu unauliza uanzie wapi 😂 mawe yote hayo! Simu moja inatosha. Wa kwanza apige akiwa chini, hiyo picha ya ardhini. Wa pili apande jiwe (lile salama lakini, usituletee msiba) apige kuelekea ziwani mpaka pale maji yanapokutana na mbingu, upeo umeonekana, obliki (picha ya mshazari kutoka juu) ya juu. Wa tatu ainamishe simu upeo upotee yabaki mapaa ya nyumba, obliki ya chini. Najua mtihani unaziita picha za angani, waambie leo ndege yetu ni jiwe. Na usikimbilie kuuliza hii aina gani, waulize kwanza mbona ule mtumbwi mdogo kuliko ndoo ya hapa mbele, skeli wataigundua wenyewe.

MamaFizikia: Shikamoo Mzee. Mimi hata kishikwambi situmii, kamera yangu ni boksi la viatu, tundu la sindano upande mmoja, upande wa pili karatasi iliyopakwa mafuta ya kula. Wanajifunika khanga kichwani wanaelekeza kwenye mwembe, mti unaonekana miguu juu, zile kelele mkuu wa shule alikuja mbio. Swali la mbona umepinduka linatoka kwao, nami nachora miale ubaoni hapohapo. Msitoboe na msumari tu, picha itang'aa ila yote ukungu.

Kaka_Chaki: Sura za watoto zisiishie status jamani, kuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022. Mimi niliposti darasa langu mzazi akaja amefura, na haki alikuwa nayo. Piga mawe, piga soko.

MzeeWaRamani: Marahaba mwanangu. Hilo boksi naliiba.

Ticha_Kata: Mrejesho wakuu. Tumepanda jana, leo nikaenda steshenari, printi ya rangi bei haishikiki nikatoa nyeusi na nyeupe. Ziwa na mbingu vyote kijivu kimoja, upeo hamna! Binti mmoja wa nyuma, huwa haongei kabisa, kasimama anasema mwalimu hii ni obliki ya chini, aliyeipiga anaapa ni ya juu na upeo kauona kwa macho yake. Kengele imelia bado wanabishana.