Mgonjwa wa moto analia sana kila tukimbadilishia dresing, naombeni msaada

Nesi_wa_Zamu:
Habari zenu wakuu. Mimi nesi hospitali ya wilaya, nimeletwa wodi ya upasuaji hivi karibuni nikitokea wodi ya wazazi. Sasa kuna mama jiko la mafuta ya taa lilimlipukia, kaungua shingo, kifua na mkono wa kulia mpaka vidoleni, daktari kakadiria asilimia 25 ya ngozi ya mwili. Leo siku ya nne. Kwenye dresing ndo kuna kazi, gozi (kitambaa cha kufunikia kidonda) inakuwa imegandia, ukiivuta damu hiyoo, na yeye analia mpaka wodi nzima inanyamaza. Tukimaliza hataki kula wala kuguswa, analalia mito miwili kidevu kimegusa kifua. Dawa ya maumivu ni panadol tu. Wenye uzoefu mnafanyaje? Naumia sana kumuona hivi.

Mama_Dresing:
Pole dada, na pole yake huyo mama. Panadol peke yake kwa kidonda kile haitoshi hata kidogo, nenda kwa daktari mwambie wazi akuandikie mofini ya kunywa (dawa kali ya maumivu), mpe nusu saa mpaka saa nzima kabla hujagusa bandeji, ukimpa halafu ukaanza hapo hapo haijamsaidia kitu. Ikishindikana wazungumzie ketamini (dawa ya usingizi), ila hiyo lazima awepo mtu wa usingizi, oksijeni iwe tayari na pumzi ziangaliwe muda wote. Na gozi kavu usivute jamani!! Lowesha na dripu ya chumvi iliyo vuguvugu, subiri ilegee, itoe taratibu kwa kulaza, usiinyanyue juu. Safu ya kwanza juu ya kidonda weka gozi ya vaselini, haigandi. Funga madirisha, zima feni, andaa kila kitu kabla ya kumfungua maana mtu asiye na ngozi anapoteza joto haraka mno.

Mtu_wa_Mazoezi:
Mi nimeshtuka hapo kwenye mito miwili. Toa hiyo mito leo leo! Shingo iliyoungua ikiachwa imeinama, ngozi ikipona inajivuta na kidevu kinabaki kimeshikana na kifua, kuja kurekebisha ni upasuaji mwingine. Kunja taulo weka chini ya mabega ili shingo ifunguke, akihitaji kuinuka inua kichwa cha kitanda. Mkono usilale ubavuni, utanue pembeni uuegemeze kwenye mto, na kila kidole kifungwe peke yake, ukivifunga pamoja vinashikana. Mazoezi mfanyishe kipindi dawa ya maumivu bado inafanya kazi. Mwite na fizio wenu (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) amuone sasa, asisubiri mpaka kidonda kikauke.

Kaka_Zamu_ya_Usiku:
Waliotangulia wamesema vizuri, naongeza msosi. Mgonjwa wa moto mwili wake unachoma chakula kuliko kawaida, uji mweupe haufai, waambie ndugu waweke karanga na maziwa, walete mayai, dagaa, maharage, ale kidogo kidogo mara nyingi. Siku ya dresing asilazwe na njaa kutwa nzima, labda kama ana ketamini ndo fuata masaa ya kukaa bila kula.

Halafu kwa mgonjwa mpya ukimpokea, maji ya dripu (Ringer) yanahesabiwa toka saa aliyoungua, SIO saa aliyofika kwenu. Ni mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua, mfano kilo 60 asilimia 25, ni 4 x 60 x 25 = mililita 6000 kwa masaa 24, nusu yake iishe ndani ya masaa 8 ya kwanza. Kafika yameshapita matatu, basi 3000 zinaingia kwa masaa matano, yaani 600 kwa saa. Ila mkojo ndo unakwambia ukweli, mtu mzima usipungue nusu mililita kwa kilo kila saa, kwa hiyo huyo wa kilo 60 ni mililita 30. Ukiwa chini au juu sana mwite daktari abadilishe kasi.

Nesi_wa_Zamu:
Asanteni sana, mungu awabariki. Mito nimeshatoa, kalalamika kidogo ila nimemueleza kwa nini akakubali. Daktari kaandika mofini, dresing ni kesho asubuhi. Swali moja, bandeji ya kifuani leo ina rangi ya kijani na harufu, na joto 39.2, nisubiri mpaka kesho?

Mama_Dresing:
Usisubiri dada, mpigie daktari sasa hivi. Kijani na harufu na homa hiyo ni dalili ya bakteria kwenye kidonda. Pima presha, mapigo, pumzi, angalia mkojo na kama anaongea vizuri au anachanganyikiwa, umsomee vyote kwenye simu. Mofini apewe leo, kidonda kifunguliwe leo, na kama maabara yenu wanaweza kuotesha bakteria wajue ni wa aina gani, chukueni sampuli kabla ya antibayotiki. Tupe mrejesho.