Diski ina nafasi tele, sisi tumefungiwa nje. Hawa maadmini wa klasta wanatuonaje?

Wakuu, habari za mchana. Leo nina hasira, nikiandika vibaya mnivumilie.

Kikundi chetu kinasoma vinasaba vya vimelea vya malaria, na kazi zetu tunazituma kwenye kompyuta kuu moja ya pamoja (jina silitaji, tusije tukafungiwa na akaunti zilizobaki). Juzi kazi ya kuunganisha jenomu imekaa foleni ya Slurm (programu inayopanga zamu za kazi), imepata zamu, imekimbia usiku kucha, imefika kwenye kuandika matokeo ikafa. Ujumbe: mgao wa diski umezidi. Naingia kuangalia, terabaiti tulizopewa hatujafika hata nusu!

Anayeijua Lustre, mfumo wa diski za klasta, ameshacheka. Mgao una vikomo viwili, ukubwa wa data na idadi ya faili. Ukigonga chochote kati ya hivyo umekwama, na ujumbe wa kosa ni ule ule. Mpaka uandike amri ya lfs quota -g ndipo unaona kinyota, alama ya kuzidi kikomo, kimekaa pembeni ya tarakimu, tena kule kwenye safu ya faili, sio ya ukubwa. Kinyota! Siku ya semina ya watumiaji wapya walituonyesha mapicha ya rafu za seva na mitambo ya kupoza, hili hakuna aliyeligusa.

Haya, faili zimetoka wapi? Kuna ndugu yetu alifanyia hapa udaktari wake, kaondoka zamani, Mungu ambariki huko aliko. Enzi zake MinION, ile mashine ndogo ya kusoma DNA, ilikuwa ikiandika faili moja ya fast5 kwa kila kipande cha DNA kilichosomwa, na mashine ikiwashwa mara moja inaweza kutema vipande mamilioni. Siku hizi vipande maelfu vinapakiwa faili moja, ila za kwake zimebaki vile vile, ndogondogo, na zimeandikwa jina la kikundi. Kwa hiyo tunadaiwa sisi.

Kuzifuta hatuwezi. Folda ni zake, ruhusa ya kuandika anayo yeye peke yake, na akaunti yake waliifunga hao hao maadmini. Kumfungia mtu wanajua, mizigo yake hawaijui? Nimefungua tiketi nikaomba kitu kimoja tu: badilisheni mmiliki wa hizo folda. Ni amri ya chown, mstari mmoja, na anayeuweza ni mwenye root (ruhusa za juu kabisa za mfumo) peke yake. Nikajibiwa kwa ile barua yao ya kunakili: tafadhali punguzeni faili zenu. Nikarudisha na njia kamili ya folda. Tiketi ikafungwa, ikaandikwa imetatuliwa.

Nilipompata mmoja kwenye simu, akaja na wazo eti wataendesha skripti ifute chochote kwenye eneo letu ambacho hakijaguswa kwa siku 90. Nikamwambia kaka, usithubutu. Humo mna data ghafi za sampuli zisizokusanyika tena, na eneo lile halina bekapu. Chuo Kikuu cha Kyoto, Desemba 2021, skripti iliyokusudiwa kufuta logi za zamani ilifuta takriban TB 77 za watafiti, faili kama milioni 34, kisa iliwekewa toleo jipya huku bado inakimbia. Na wale wana mkandarasi wa maana. Huyu wetu hata tiketi hasomi!

Na msije na ushauri wa "futeni conda", ile ya kusakinisha programu inayojaza faili ndogondogo. Tumeshahamishia kila kitu ndani ya kontena ya Apptainer, yaani programu zote zimefungwa pamoja, diski inaiona faili moja. Matokeo ya zamani tumeyafunga kwa tar, faili nyingi ziwe moja, na hapo napo kichekesho: tar inataka kuunda faili mpya, mgao umejaa, haiundiki. Ikabidi tuyafungie kwenye home, zile folda binafsi walizotupimia kwa kijiko. Kinyota bado kipo.

Mtu akiondoka, faili zake ziandikwe kwa mkuu wa kikundi kabla akaunti haijafungwa. Kuna ugumu gani? Na mgao ukikaribia kujaa tutumiwe barua pepe, sio tusubiri kazi ife.

Mlio kwenye klasta nyingine, kwenu mtu akihitimu faili zake anarithi nani? Kuna aliyewahi kufanyiwa chown bila kumpitia mkurugenzi? Maana kesho nabeba laptop naenda kukaa mlangoni kwao mpaka mtu aandike huo mstari mmoja.