Naomba ushauri: w na k kwenye fonti ya mtindo wa Jenson

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naombeni mnishike mkono.

Nachora fonti ya vitabu kwa FontForge (programu ya kuundia fonti), msingi wake ni herufi za mchapaji Nicolas Jenson, Venice, mwaka 1470. Nafuatisha picha za kurasa zilizokuzwa. Ile e yenye kijiti cha kati kilichoinama nimeipata, na M yenye serifu (vijimkia vya mwisho wa mistari ya herufi) pande zote mbili juu pia.

Tatizo, Jenson alikuwa anachapa Kilatini. Hakuna w, hakuna j, na k ni adimu mno. Sasa hebu andika "kwa wakwe wawili" uone! Nimejaribu kuunganisha v mbili. W ikatoka pana na nyeusi, ukurasa mzima una madoa. Nikaipunguza unene, ikaonekana mgeni kati ya wenzake. k niliijenga juu ya h, hiyo angalau inavumilika.

Halafu kuna wino. Karatasi za wakati ule zilichapwa zikiwa na unyevu, wino ukasambaa na kunenepesha herufi. William Morris, mchapaji Mwingereza wa karne ya 19, naye alianzia kwenye picha zilizokuzwa za herufi za Jenson, akatoa fonti ya Golden Type ambayo kwa macho yangu ni nzito kupindukia. Sitaki kufika huko.

Kwa hiyo: kwenye w, v zikatane katikati au zigusane tu juu? Na unene halisi wa herufi mnaukadiriaje, nipime kurasa kadhaa na kufuata chapa iliyo nyembamba kuliko zote, au mna njia nyingine?