Gemu ya ushangiliaji inapima mtikiso wa rimoti, haipimi mkono. Tumechoka!

Wakuu,

Uzi huu ni wa gemu ya ushangiliaji wa kikosi (cheerleading) kwenye Wii (mashine ya gemu ya Nintendo), gemu ile ya kushika rimoti mbili kama pomponi na kufuata mistari ya mwanga inayochorwa kwenye skrini. Dai langu ni hili: gemu inampa alama za juu anayetikisa mikono ovyo, na inamnyima anayeshangilia kama kikosi kinavyotakiwa kushangilia. Mtu asije hapa kusema wachezaji hawana mazoezi. Kosa ni la waliotengeneza, na ushahidi uko ndani ya rimoti yenyewe.

Asiyeamini afanye jaribio. Chagua wimbo wa kiwango cha kati. Kaa kwenye kiti, viwiko juu ya mapaja. Kila mstari unapotokea, rusha vifundo vya mikono tu kuelekea upande wa mstari, kwa haraka, bila kuinua mkono. Alama zitamiminika. Halafu simama, rudia wimbo uleule kwa ufundi: V ya juu iliyonyooka (mikono miwili juu kama herufi V), viwiko vimekazwa, ngumi inafika kwenye pigo na kuganda. Alama zinashuka. Gemu inayodai kufundisha ushangiliaji inamwadhibu mtu kwa kufanya jambo la kwanza ambalo kocha yeyote wa kikosi hulidai, yaani mkono ufike na usimame.

Sababu ni hii. Rimoti ya Wii iliyotoka mwaka 2006 ina akselerometa ya mihimili mitatu. Akselerometa haijui mkono uko wapi. Inachosoma ni mchapuko (kasi inavyobadilika) pamoja na mvutano wa dunia, basi. Na ina dari: ikipita g 3 na kidogo (g 1 ni mvutano wa dunia), inarudisha namba ileile hata ukiongeza nguvu mara tatu. Sasa pigeni hesabu. Kutoka begani hadi kwenye ngumi ya mtu mzima ni kama sentimita 60. Mkono ukizunguka nusu duara kwa nusu sekunde, ngumi inavutwa kuelekea begani kwa karibu g 2.4. Mkono unapopita chini ongeza g 1 ya dunia, tayari umegonga dari. Nusu duara hiyohiyo kwa robo sekunde inazidi g 9. Kwa hiyo mkono ulionyooka na wenye kasi, ule unaotakiwa, unaifanya akselerometa igonge dari, na gemu haiwezi kutofautisha mzunguko mzuri na mbaya. Kifundo kinachorushwa kwa duara dogo kinabaki ndani ya kipimo, kwa hiyo kinasomeka vizuri. Ndiyo maana aliyekaa kwenye kiti anashinda.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kifaa hicho hicho ni hodari mno katika jambo ambalo ushangiliaji unalihitaji. Mkono ukisimama, mchapuko unaobaki ni wa dunia peke yake, na mwelekeo wake unaonyesha rimoti imelala kwa pembe gani. Umbo la T ni mkono uliolala sambamba na sakafu. V ya juu ni nyuzi kama 45 kupanda. Mikono wima ni 90. V ya chini ni 45 kushuka. Maumbo manne, pembe nne zilizoachana mbali, na rimoti inaweza kutuma taarifa hadi 100 kwa sekunde. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Ukisubiri utulivu wa sehemu moja ya kumi ya sekunde unapata usomaji kumi wa pozi, na bado muda unabaki. Wangeweza kutoa alama kwa pozi lililogandishwa. Wakachagua kutoa alama kwa njia ya kufikia pozi, yaani sehemu ambayo akselerometa inaona vibaya kuliko zote!

Tena wamepanga mfululizo ambao kifaa hakiwezi kuuona kabisa. Kutoka T kwenda mikono mbele, mkono unazunguka kuufuata mhimili wima. Mvutano wa dunia haubadiliki hata kidogo ndani ya rimoti. Akselerometa peke yake haioni tofauti kati ya maumbo hayo mawili, kwa hiyo gemu inasubiri mtikiso wowote kwenye pigo na kukisia. Anayejua kifaa hapangi hatua hizo mbili zifuatane. Hapa zinafuatana mara kwa mara.

Miguu nayo haipimwi. Ukiruka kwa kupasua miguu hewani, au usiporuka kabisa ukapandisha mikono kwa nguvu, alama ni zilezile. Hapo sina ugomvi mkubwa, rimoti haiko mguuni. Lakini wasiandike kwenye maelezo kwamba gemu inapima kuruka.

Kuna anayeona tofauti? Njooni na vipimo.

—

Jibu la 2

Mkuu umegusa penyewe, ila umeacha uchelewaji. Gemu hii haina ukurasa wa kurekebisha muda kati ya sauti, picha na rimoti. Kwa gemu ya mapigo hilo halisameheki. Wii inatoa picha ya mistari 480, au 576 kwenye mashine za baadhi ya nchi, basi. TV bapa lazima iikuze, na ukitumia ile waya ya njano inabidi kwanza iunganishe nusu-picha mbili mbili kabla ya kuikuza. Kazi yote hiyo inakula muda. TV ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwenye mapigo 120 umeshapoteza moja ya tano ya pigo, na mchezaji anayefuata macho atakosa hata kama mkono wake ni safi.

Fanya hivi kwa mpangilio. Washa hali ya gemu kwenye TV. Zima kila kitu kinacholainisha picha au kuongeza fremu. Tupa waya ya njano, weka waya ya plagi tano (tatu za picha, mbili za sauti), kisha kwenye mipangilio ya Wii chagua 480p (picha nzima, si nusu-picha). Sauti itoke kwenye spika za TV yenyewe, kwa sababu ukiitoa sauti moja kwa moja kwenye redio wakati picha inachelewa, masikio na macho yatakuwa na mapigo mawili tofauti. Ukimaliza hayo yote na bado unakosa, cheza kwa kusikiliza na utumie mstari kama kumbukumbu ya hatua inayofuata, usiusubiri ufike.

Inauma kwamba haya yote yangemalizwa na ukurasa mmoja wa kurekebisha muda.

—

Jibu la 3

Naongeza la mikono kubadilishana. Gemu inachukulia rimoti yenye taa ya kwanza kuwa ya mkono wa kulia na ya pili kuwa ya kushoto, na haiulizi. Ukiziwasha kinyume, hatua zinazolingana pande zote, kama T na V, zinapita bila shida. Zile ambazo mikono haifanani, kama K (mkono mmoja juu, mwingine umevushwa mbele ya mwili kushuka) au mkono mmoja juu mwingine kiunoni, zote zinakosewa. Mtu anaweza kuhangaika na wimbo mmoja siku nzima akidhani tatizo ni mkono wake.

Dawa: bonyeza kitufe cha HOME, ingia mipangilio ya rimoti, chagua kuunganisha upya. Shika ya kulia, bonyeza 1 na 2 kwa pamoja hadi taa ya kwanza ibaki inawaka. Kisha ya kushoto vivyo hivyo, taa ya pili. Bandika karatasi ya rangi mgongoni mwa moja ili usirudie kazi.

Halafu kamera! Kwenye piramidi kamera inazunguka kikosi na mistari inazunguka nayo. Mstari uliokuwa wa kulia unahamia kushoto katikati ya kundi la mapigo nane. Mchezaji hajageuka, yuko palepale mbele ya TV. Kwa nini afuate kamera?

Na suala la wachezaji wengi msilisahau kabisa. Wii inapokea rimoti nne. Kila mtu akishika mbili, mnacheza wawili. Gemu ya kikosi ambayo kikosi hakiwezi kuicheza.

—

Jibu la 4

Wakuu mnalalamika kitu chenye suluhisho. MotionPlus, kiongezo cha kuchomeka kwenye rimoti, ilitoka 2009 ikiwa na jairoskopu (kipima mzunguko), inaona mizunguko yote pamoja na huo wa mhimili wima. Nunueni mpachike.

—

Mleta uzi, jibu la 5

Mkuu wa jibu la 4, hapana. Jairoskopu haifanyi kazi kwa kupachikwa. Lazima gemu yenyewe iwe imeandikwa kuisoma, na hii haikuandikwa hivyo. Ukiipachika unapata rimoti ndefu na nzito zaidi, alama zilezile. Hata rimoti za baadaye zenye jairoskopu ndani zitafanya kazi hapa kama rimoti za kawaida. Na jairoskopu nayo usomaji wake huhama taratibu, inataka ilazwe kwenye sehemu tambarare itulie ndipo ijirekebishe. Kwenye gemu ya kurusha mikono dakika tatu mfululizo, bila mahali pa kutulia, ingehitaji akselerometa iisaidie kila mchezaji anapoganda. Tunarudi palepale: pozi ndilo lilipaswa kupimwa.

Na kabla hujaniambia nihamie kwenye kamera, Kinect (kamera ya mashine ya Xbox 360) ya 2010 inaona mikono na miguu kweli, hapo nakubali. Lakini ushangiliaji umejaa ngumi zinazokutana kifuani na mikono inayokunjwa mbele ya mwili. Mkono ukipita mbele ya kiwiliwili kamera inapata shida kuutenganisha. Kila kifaa kina upofu wake. Mtengenezaji anayejali anapanga hatua kuukwepa upofu huo. Hili ndilo ninalolidai.

Jibu la 2 na la 3, asanteni, hayo ni ya kubandikwa juu.

—

Jibu la 6

Watoto ndio wanaoumia zaidi na hawajatajwa. Kutoka begani hadi kwenye ngumi ya mtoto inaweza kuwa sentimita 40 au 45. Kwa mwendo uleule wa mzunguko, mchapuko unapungua kulingana na urefu wa mkono, kwa hiyo mtoto anapata theluthi mbili au robo tatu tu ya anachopata mtu mzima. Gemu ina kizingiti kimoja (mchapuko wa chini unaohesabika) kwa wote. Mtoto anafanya hatua sahihi kwa wakati sahihi na anaambiwa amekosa, kwa sababu mkono wake ni mfupi. Kipimo cha mwanzo cha sekunde tano, "inua mikono, shusha, inua", kingetosha kuweka kizingiti cha kila mchezaji. Hakipo.

Kwa wazazi walio hapa, kinachosaidia kidogo ni mshiko. Rimoti ikizunguka ndani ya kiganja hata robo mzunguko, mhimili mmoja unachukua nafasi ya mwingine na gemu inasoma upande usio sahihi. Kidole gumba kibaki juu ya kitufe cha A muda wote. Weka ganda la silikoni, linazuia kuteleza jasho likitoka. Kamba ya mkononi ivutwe hadi kizuizi kiguse ngozi, kwa sababu kidole kikichoka rimoti itaruka, na nyumba nyingi TV iko upande huo huo. Acha nafasi ya mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa pande zote, na hatua moja zaidi kila upande.

Betri: mbili za AA kwa kila rimoti, kwa hiyo nne. Badilisha zote kwa pamoja. Rimoti moja ikianza kuishiwa inaweza kupoteza muunganisho katikati ya wimbo, na gemu haisimamishi wimbo mara moja, inakuhesabia makosa.

—

Mleta uzi, jibu la 7

Jibu la 6, hiyo ya kizingiti ndiyo inayonikasirisha kuliko yangu zote. Nimeiongeza kwenye madai. Kwa sasa yako manne: pozi lililogandishwa lipewe alama, pawe na ukurasa wa kurekebisha muda, kizingiti kipimwe kwa kila mchezaji, na gemu iulize rimoti ipi iko mkono upi kabla ya wimbo kuanza. Hakuna hata moja linalohitaji kifaa kipya.

Mwenye nakala aendelee na jaribio la kiti kwenye nyimbo nyingine, aandike jina la wimbo, kiwango, na alama za kukaa dhidi ya za kusimama. Tumia rimoti zilezile, betri mpya, TV katika hali ya gemu, ili asitokee mtu kusema ni uchelewaji.