Doupo Cangqiong: Nalan Yanran ana kosa gani hasa? Niendelee kusoma au niache?

Habari zenu wakuu.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeniingiza kwenye riwaya hizi za Kichina za mtandaoni. Kanianzishia Doupo Cangqiong ya Tiancan Tudou. Yeye kaimaliza zamani, mimi bado niko mwanzo mwanzo.

Shida imeanzia pale Nalan Yanran anapofika kwa kina Xiao kuvunja uchumba. Uchumba wenyewe walipanga mababu, yeye hakuulizwa. Kaja na mzee mmoja kutoka Yunlan, kundi la wapiganaji anakosomea, kabeba na dawa ya kufidia, anaomba aachiwe. Xiao Yan, mchumba mwenyewe na ndiye mhusika mkuu, kapandisha hasira, kaandika hati ya talaka, kaigonga kiganja chenye damu. Hajaoa, keshaacha!

Mdogo wangu akisimulia hapo anapiga meza kwa furaha. Mimi niko upande wa binti. Wamewekeana pambano baada ya miaka mitatu, natamani ashinde, na kwa hadithi hizi zilivyo najua hashindi. Sasa kitabu kina sura zaidi ya 1,600, nitafika vipi mwisho huku mhusika mkuu ananikera? Niendelee, au kuna nyingine ambayo wanawake si mapambo? Tafadhali msinimalizie utamu.

Mnywa Kahawa:
Dada, hakuna anayemlaumu kwa kukataa. Tatizo ni alivyokataa. Xiao Zhan ni mkuu wa ukoo, kakaa ukumbini na wazee wanaomtafutia sababu siku nyingi, mtoto wake yupo palepale, halafu mgeni anatoa hayo. Hata huku kwetu posa hairudishwi kwa kipaza sauti.

BintiWaTanga:
Mnywa Kahawa, unaongea kama alikuwa na njia nyingine. Babu yake, Nalan Jie, hataki kabisa kuvunja ahadi aliyompa rafiki yake. Binti angemtuma nani nyumbani kwake? Ndiyo maana kapitia Yunlan.

Halafu mniambie, aliyemnyonya Xiao Yan nguvu zake mpaka akaitwa bure ni nani? Si Yao Lao, yule mzee aliyejificha kwenye pete? Huyo mnampenda, mnamwita mwalimu, akipata shida mnalia. Lawama zote kabebeshwa msichana aliyesema sitaki.

Msomaji wa Usiku:
Hapo kwenye Yao Lao nakazia.

Mleta mada, angalia na ilivyoandikwa. Hii ilianza kutoka kwenye tovuti ya riwaya ya Qidian mwaka 2009, sura baada ya sura, msomaji analipia anachosoma na ana kura za kila mwezi za kumpa mwandishi anayemtaka. Mwandishi wa namna hiyo hawezi kukuacha umetulia. Lazima ukasirike leo ili kesho ununue sura nyingine, na Nalan kawekwa kwa kazi hiyo. Pambano likiisha, naye anafifia. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko hata matokeo, maana alikuwa na hadithi yake kabisa.

Soma mpaka Yunlan. Njiani litatokea jina la bandia. Angalia Nalan anavyomheshimu mwenye jina hilo. Naishia hapo.

Kijana wa Mwembeni:
Umeishia wapi mkuu, si umeshasema yote 😂

Mleta mada:
Sijasikia kitu. Ila huyu Xun Er vipi? Mbona kila mtu anamsifia?

BintiWaTanga:
Kwa sababu hakosei. Anampenda kijana tangu utotoni, anangoja, ana nguvu kuliko vijana wenzake wote nyumbani lakini hajivuni. Mimi nilichoka naye mapema. Msubiri malkia Medusa, yule angalau ana hasira zake.

Kijana wa Mwembeni:
Na kama uchumba wa mababu umekukera hivi, ngoja uone jamaa anavyopanga ndoa zake mwishoni.

Mnywa Kahawa:
Ukitaka nyingine, jaribu Zhifou, ile iliyotolewa tamthilia mwaka 2018. Riwaya yake ilitoka Jinjiang, tovuti nyingine ya riwaya, na kule wasomaji wengi ni wanawake. Minglan ni mtoto wa mke mdogo, na maisha yake ya kabla ya kuzaliwa upya alikuwa karani wa mahakama, kwa hiyo mchumba akija anampima kwa hesabu kwanza. Wapo wanaolalamika kwamba hana moyo, hata mumewe anasubiri sana kupendwa. Mimi nilimuelewa. Ila hamna mapigano, usije ukanilaumu.

Mleta mada:
Asanteni. Nafika kwanza kwenye pambano la Yunlan, kisha nahamia kwa Minglan. Mdogo wangu yuko hapa anasoma komenti zenu, kanuna, anasema BintiWaTanga kamkosea adabu Yao Lao.

BintiWaTanga:
Ajiunge aje kujibu mwenyewe. Na aanzie kwenye pete.